Michango Yetu Ifike na Kwenye Utafiti wa Usonji

Wanachuo wenzangu, kwenye kuchanga hatuna mpinzani. Harusi tunachanga, msiba tunachanga, sendofu tunachanga. Kundi la WhatsApp likifunguliwa leo, kesho mweka hazina keshatuma orodha ya waliotoa na wanaodaiwa. Na kila tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani, wapo wanaopeleka sabuni, juisi na madaftari kwa watoto wenye usonji, wanapiga picha, wanarudi. Si vibaya hata kidogo. Ila mimi nasema sehemu ya michango yetu iende kwenye utafiti, na utafiti huo ufike kusini.

Mimi ni mtoto wa Masasi, nasomea ualimu, na mafunzo kwa vitendo nilifanyia Newala. Darasani kwangu kulikuwa na mtoto ambaye ukimwita jina hageuki, wenzake wakiimba anaziba masikio, lakini vizibo vya soda anavipanga kwa rangi bila kukosea. Shuleni walimwita mtundu. Bibi yake alikuwa ameshamaliza hela ya korosho kwa waganga, maana aliambiwa mjukuu karogwa. Aliponiuliza, "Mwalimu, sasa nifanyeje?" nilimtajia Muhimbili, safari ya siku nzima kwa basi. Lakini sikuwa na karatasi hata moja ya kuniambia watoto kama yule wako wangapi Newala, wala mwalimu mwenye darasa lililojaa awasaidie vipi.

Watu wa kwetu hawahitaji kufundishwa faida ya utafiti. Ubwiriunga ulipokuwa unaangamiza mikorosho, watafiti wa Naliendele walihangaika nao mpaka salfa ikawa dawa ambayo kila mkulima anaijua. Na sehemu ya makato ya korosho huenda kwenye utafiti huo. Yaani mkorosho tumeuchunguza, mtoto bado.

Maswali yapo, tena ya kwetu kabisa. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa Mankoski na wenzake kuhusu watoto 20 wa Tanzania. Kati yao 14 walikidhi vigezo vya usonji. Watatu walikuwa wakikua vizuri, dalili zikaanza baada ya kupona malaria kali. Wengine wanne waliugua karibu na wakati dalili zilipoanza, lakini watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba huenda ni sadfa tu, kwa kuwa umri huo ndio watoto wengi huugua malaria. Saba waliobaki hawakuonyesha uhusiano wowote na malaria. Kwetu malaria ni ya kila masika, na watoto 14 hawatoshi kulijibu swali hilo. Nani atalimalizia?

Msiniambie haiwezekani Afrika. Kilifi, pwani kama yetu, Profesa Amina Abubakar na wenzake wanachunguza usonji kwa watoto wa pale pale. Kituo cha utafiti cha Kilifi kilianza mwaka 1989 kwa ushirikiano wa KEMRI na Wellcome, na Wellcome ni mfuko wa hisani uliotokana na wosia wa Henry Wellcome, tajiri wa dawa aliyefariki mwaka 1936. Mtu alitoa mali yake, watoto wa Kilifi wakafikiwa.

Najua kuna atakayesema, "Mtoto ana njaa leo, wewe unaleta habari za utafiti." Hoja ina uzito, na sisemi tuache sabuni na madaftari. Lakini sabuni inaisha baada ya wiki mbili, na yule bibi bado hajui mjukuu wake ana nini. Akijua mapema, hela ya korosho haiendi kwa mganga.

Pendekezo langu ni dogo. Bumu likitoka, kila mwanachuo atoe shilingi 1,000. Chuo chenye wanafunzi 5,000 kinapata milioni 5. Haijengi maabara, lakini inamlipia mwanafunzi wa uzamili nauli, malazi na wasaidizi wanaoongea Kimakonde na Kimakua, azunguke shule na vijiji vya Masasi na Newala kwa ridhaa ya wazazi. Hesabu ya fedha ichapishwe humu humu, na matokeo wasomewe kwanza wazazi waliohojiwa, kabla hayajafungiwa maktaba.

Viongozi wa serikali ya wanafunzi, ajenda naileta mezani kwenu. Bumu lijalo haliko mbali.