Mzee wa Sinza Hamzungushi Staa, Kuna Kitu Anamwambia

Mjini wiki hii stori ni moja tu. Staa wa Bongo Fleva, yule ambaye wimbo wake hauruki harusi hata moja mwaka huu, kaingia laivu usiku kumlalamikia mzee wa watu. Kisa? Mzee alisema anauza nyumba yake Sinza, wakakaa, wakapatana bei, halafu ikaanza "njoo wiki ijayo". Wiki ijayo imegeuka miezi mitatu. Staa kachoka, kamwaga kila kitu hadharani kwamba anazungushwa.

Mashabiki nao hawakuuliza mara mbili. Mzee kaitwa king'ang'anizi, kaitwa tapeli, mwingine kaandika azikwe nayo hiyo nyumba. Vijana wawili wakaenda mpaka getini kwake, simu juu, wanarekodi. Mzee wa miaka sabini na ushee, mtu aliyepanda mabasi ya UDA yakiwa bado mapya, leo kawa kichekesho cha watu wasiomjua hata jina. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na aliyeharibu si mzee.

Ila staa naye asionewe. Hasira zake zina sababu. Kila akiposti sebule kuna mtu anauliza kodi inaisha lini. Wapangaji wa Dar wanajua mateso yake: mwenye nyumba anataka miezi sita au mwaka kwa mkupuo, dalali anakata ya mwezi mmoja, na ukishazoea mtaa unaambiwa kuna ndugu anakuja kukaa. Benki nazo zinapenda mtu mwenye hati ya mshahara, na msanii mshahara wake ni shoo ya leo na ukame wa mwezi ujao. Kwa hiyo hela aliyonayo ni taslimu, imetoka jasho, na inayeyuka kila siku inayopita. Anataka nyumba ya kwanza maishani mwake. Nani asingekasirika?

Tena kwa mwanamuziki, nyumba Sinza si ukuta na bati tu. Kuna kituo cha daladala pale kinaitwa Kwa Remmy mpaka leo, kwa sababu Remmy Ongala aliishi hapo. Alifariki mwaka 2010, lakini makondakta bado wanaita jina lake. Msanii anayeota kuwa na anwani yake Sinza haoti ujinga.

Tatizo ni kwamba kaenda kununua nyumba kama anayenunua suruali Kariakoo. Kariakoo ukiona bei haishuki unageuza mgongo, muuzaji mwenyewe anakuita. Ukimtia aibu mbele ya watu analegea, maana ana suruali nyingine mia. Mzee wa Sinza ana nyumba moja.

Na hiyo nyumba haikuja kwa bahati nasibu. Viwanja vingi vya Sinza vilipimwa miaka ya 1970, kwenye mradi wa viwanja na huduma uliopata fedha za Benki ya Dunia. Serikali ilipima viwanja, ikaweka barabara na maji, mwenye kiwanja akajenga mwenyewe kadiri mfuko ulivyoruhusu. Watu wa rika la mzee huyu walianza na chumba kimoja na sebule, kikaongezeka cha mtoto wa pili, kikaja cha uani. Kwa hiyo staa anaponunua vyumba vinne vya kulala, mzee anauza miaka arobaini na kitu ya maisha yake. Bei ya vitu hivyo viwili haiwezi kuwa sawa kichwani mwa kila mtu, hata kama tarakimu zimelingana.

Sasa ubuyu wenyewe, ule ambao haukusemwa kwenye laivu. Majirani wanasema mke wa mzee hakuwa na habari. Alijua nyumba inauzwa siku dalali alipokuja na futi kupima madirisha ya chumbani kwake. Toka siku hiyo mama hajanyanyua sauti wala hajagomba. Kasema neno moja tu, kwamba yeye hajaulizwa. Mzee akabaki katikati: huku kashatoa kauli kwa kijana wa watu, huku mwenzake wa miaka yote anamwangalia na kunyamaza. Mwanaume wa namna hiyo atasema nini zaidi ya "njoo wiki ijayo"?

Na hapa mashabiki wasikilize vizuri, kwa sababu ishu si huruma tu, ni hela ya staa wao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya wanandoa haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Asiyeshirikishwa anaweza kuiwekea zuio. Maana yake, mzee angesaini haraka haraka kama mashabiki wanavyotaka, staa angemwaga mamilioni yake halafu akajikuta mahakamani anazungushwa miaka, si miezi. Huyo mzee wanayemtukana ndiye kwa kusita kwake kamwokoa kijana asilie.

Ndiyo maana muuzaji akisita, jambo la kwanza si kuongeza hela wala kuongeza sauti. Ni kuuliza anasitia nini. Mara nyingi kuna sababu, na nyingi hazihusiani na tamaa.

Kuna anayesita kwa sababu hajui ataenda wapi. Hela ataishika, lakini kesho asubuhi anaamkia kwa nani? Kuna ambaye nyumba ni ya marehemu baba, mirathi haijafunguliwa, na ndugu wanne kila mmoja ana lake. Kuna ambaye hati yenyewe inamtia aibu. Hati miliki hutolewa kwa muda, miaka 33, 66 au 99, na hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1985 iliisha 2018. Mzee anajua, hasemi. Kuna aliyesikia kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji na akapiga hesabu upya. Na kuna aliyegundua cha juu cha dalali: yeye alitaja milioni 210, mnunuzi kaambiwa 240. Hapo mzee haamini mtu tena, hata mwenye nia njema.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayotibika kwa laivu. Zote zinatibika kwa mazungumzo, na Waswahili wana utaratibu wa mazungumzo ya namna hii toka zamani. Binti wa watu haendewi kwa kelele, anatumwa mshenga. Mtu mzima, mwenye ulimi, anayejua kubisha hodi, kukaa, kunywa chai na kuongea habari za mvua kabla hajataja kilichomleta. Nyumba ya mzee nayo ni posa. Dalali si mshenga, dalali ana cha juu chake pale katikati.

Staa ana mama yake mzazi, ana wajomba. Amtume mmoja. Yeye mwenyewe aende bila miwani ya jua, bila timu ya kurekodi, ashike shikamoo yake mkononi, aombe radhi kwa ile laivu, kisha amgeukie mama mwenye nyumba na amuulize yeye, siyo mumewe: mama, wewe unaonaje? Swali hilo halina gharama na hakuna aliyeliuliza mpaka leo.

Baada ya hapo ndipo hela ipate pa kuongea. Kama mama anaogopa kuhama ghafla, wapewe miezi sita ya kukaa humo baada ya malipo, iandikwe kwenye mkataba. Kama wanaogopa kupigwa, walipwe kupitia benki, watoto wao wawepo kama mashahidi na bei isemwe mbele ya wote. Mambo hayo yanaweza kumgusa muuzaji kuliko milioni kumi za nyongeza. Na staa naye ajilinde: wakili wake, upekuzi kwa Msajili wa Hati, saini ya mke, na asitoe kishika uchumba hata shilingi bila karatasi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi. Patano la barazani na soda mkononi, hata lingekuwa tamu vipi, halimsaidii mtu mahakamani.

Wapo watakaosema biashara ni biashara, mzee ndiye aliyetangaza nyumba, kwa nini kijana abembeleze? Hoja ina ukweli ndani yake. Mzee alikosea, na kosa lake ni kubwa: alitoa ahadi ya nyumba ya watu wawili kwa mdomo wa mtu mmoja, akamwachia kijana kupanga maisha juu ya ahadi hiyo. Angemwambia ukweli mwezi wa kwanza, hela ingekuwa imeshapata nyumba nyingine Tabata au Kimara. Wala kuheshimu mtu si kumsubiri milele. Mshenga anaweza kuweka tarehe kwa upole: mpaka siku fulani, jibu liwe ndiyo au hapana.

Na jibu likiwa hapana, basi ni hapana. Mama akisema anataka kufia kwenye nyumba aliyolelea wanawe, hakuna wimbo unaoshika namba moja utakaobadilisha haki hiyo. Staa atapata nyumba nyingine, mji huu hauishiwi wauzaji. Yule mama hatapata Sinza nyingine ya mwaka sabini na kitu.

Lakini kuna ndiyo moja ambayo haifai kuchukuliwa hata ikitolewa. Ni ile inayotolewa kwa sababu vijana wamejaa getini na mzee anaona aibu kwenda msikitini. Nyumba inayopatikana hivyo ina hati safi na majirani wachafukwe. Kijana ataishi na majirani hao kila siku, na mtaani watu hawasahau mtu aliingiaje.

Haya wadau, mwanao akikupigia kesho kwamba kapata mnunuzi wa nyumba yenu, na wewe hujaulizwa, utajibu nini? Na ungekuwa wewe ndiye staa, ungemtuma nani kwa mzee?