Kukiita kinyesi dawa hakutoshi, mtoaji achunguzwe

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Methali hiyo yafaa kutuongoza katika jambo ambalo wengi wetu tungependa kulikwepa: kutumia kinyesi cha mtu mwenye afya njema kumtibu mgonjwa. Msomaji asikunje pua. Tiba hii inatambuliwa na madaktari, na maswali inayoyazua kuhusu sheria, na kuhusu lugha pia, ni mazito.

Kuna bakteria waitwao Clostridioides difficile. Aghalabu hao hupata nguvu baada ya viuavijasumu kuangamiza vijidudu vyenye manufaa vilivyomo utumboni. Mgonjwa huharisha vibaya, hupata nafuu, kisha huugua tena, na wengine hufa. Mwaka 2013 watafiti wa Amsterdam, Uholanzi, walichapisha matokeo ya jaribio lao. Kati ya wagonjwa 16 waliotiwa utumboni kinyesi kilichozimuliwa kwa maji ya chumvi, 13 walipona baada ya kutiwa mara moja tu. Waliopewa dawa ya vankomaisini pekee walikuwa 13, wakapona 4. Tofauti ilikuwa bayana hata jaribio likakatizwa mapema.

Hapo ndipo lilipozuka swali la jina. Mbele ya sheria, kitu hiki ni nini? Marekani ilisema mwaka uo huo kuwa ni dawa, kisha ikalegeza masharti kwa wagonjwa walioshindikana kwa tiba za kawaida. Uingereza nayo hukihesabu kuwa dawa. Umoja wa Ulaya, katika kanuni zake za mwaka 2024, ulikiweka katika kundi moja na damu na tishu. Sisi wanaisimu hatushangai, kwani anayekipa kitu jina ndiye anayeamua kitatazamwaje. Ukikiita dawa, macho yako humwelekea mtengenezaji. Ukikifananisha na damu, humwelekea mtoaji.

Kwa maoni yangu, mtazamo huu wa pili ndio unaogusa kiini cha hatari. Dawa ya kiwandani hutarajiwa kuwa ile ile, kidonge kwa kidonge. Kinyesi hubadilika hata kwa mtu mmoja, kutegemea alichokula, alikosafiri na maradhi aliyoyabeba bila kujua.

Ushahidi upo. Mnamo Juni 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kuwa wagonjwa wawili wenye kinga dhaifu walikuwa wameambukizwa bakteria wa E. coli walio sugu kwa viuavijasumu. Bakteria hao walitokana na kinyesi cha mtoaji mmoja. Mgonjwa mmoja alifariki. Vidonge walivyomeza vilitengenezwa Novemba 2018. Januari 2019 hospitali iliyovitengeneza, huko Boston, ilianza kuwapima watoaji bakteria sugu wa aina hiyo, lakini vidonge vilivyokuwa akibani havikupimwa upya wala kutupwa. Jina la dawa lilikuwepo, na masharti yake pia yalikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuipima akiba ya jana kwa kipimo cha leo.

Wapo wanaodai kuwa uchunguzi mkali huwakataa watoaji wengi na kupandisha gharama, hata wagonjwa waliokata tamaa hujitibu kwa siri nyumbani. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, hapa Kenya hatujawahi kusema kwamba, kwa kuwa damu ni adimu, itolewe bila kupimwa ukimwi, homa ya ini na kaswende. Uhaba hutatuliwa kwa kutafuta watoaji zaidi na kuwa na hazina zinazosimamiwa vyema. Kulegeza kipimo ni kumhamishia mgonjwa hatari.

Fauka ya hayo, mgonjwa ana haki ya kuelezwa kwa lugha asiyoweza kuikosea. Anayeambiwa kuwa atapewa "mchanganyiko wa vijidudu" hajaelezwa, na ridhaa yake haina uzito. Neno kinyesi si tusi. Limo katika kamusi zetu, na walimu wa sayansi hulifundisha bila haya. Basi daktari na alitamke, kisha aeleze mtoaji alipimwa nini, lini, na nini hakikupimwa. Sheria isiyomlazimisha kusema hayo haijamlinda mgonjwa, hata ikikiita kitu hicho kwa jina gani.