BUSTANI NA ARDHI: Kinamo cha Kando ya Mto

Safu yetu mara hii haitasema habari za mbegu wala miche. Itashughulikia jambo linalozungumzwa sasa katika kila nyumba, nalo ni ardhi. Jamaa zetu wa bonde la Willamette, hapa Oregon, wamo katika kuchanga fedha wapate kiwanja cha pamoja: mahali pa bustani za akina mama, mahali pa kukutania siku za sikukuu, na, Mungu akijaalia, mahali pa kuzikana. Fedha hizo ni jasho la watu wa zamu za usiku na wa kazi mbili mbili. Zikitumbukia katika ardhi isiyofaa kwa haja hizo, hazirudi. Kwa hiyo tumeona heri tueleze tabia za udongo mmoja unaopatikana sana katika bonde hili, ambao unaweza kumdanganya mnunuzi mchana kweupe.

Wataalamu wa udongo wa Marekani hupa kila aina ya udongo jina lake, kama watu wapavyo majina watoto. Huu waitwa Bashaw. Ni kinamo cheusi, kizito, kilicholala katika mikondo ya maji, katika ardhi ya mafuriko, na juu ya vidato vya kando ya vijito. Kidato cha mto ni ile ardhi bapa iliyoinuka kidogo kuliko mto wa leo, ambayo zamani ilikuwa ndiyo sakafu ya mto wenyewe. Ukiitazama waona uwanja mzuri uliosawazishwa, hauna jiwe wala mteremko. Uzuri huo ndio mwanzo wa taabu, maana maji yaliyotua mahali bapa hayana pa kukimbilia.

Asili ya mambo haya ni ya kale. Baina ya miaka 18,000 na 15,000 hivi iliyopita, huko Montana palikuwa na ziwa kubwa lililozuiwa na ukuta wa barafu. Ukuta ule ulivunjika mara nyingi, na kila mara gharika ilishuka kwa mto Columbia, ikarudi nyuma kulijaza bonde la Willamette hata karibu na Eugene. Maji yale yalipotulia yaliacha tope laini. Baadaye vijito vya milimani viliendelea kuleta chembe zao nyembamba na kuzitua mahali ambapo mwendo wa maji ni wa pole. Mchanga na kokoto huanguka maji yanapokuwa bado na nguvu. Kinamo huwa cha mwisho kutua, kwa kuwa chembe yake haifiki hata sehemu mbili za elfu za milimita.

Chembe za kinamo hiki zina tabia ya kunywa maji na kuvimba, kisha kusinyaa zikikauka. Hapa Oregon mvua hunyesha majira ya baridi. Mji wa Salem hupata kiasi cha inchi 40 kwa mwaka, na nyingi huanguka baina ya Novemba na Machi. Mvua za kwanza za Oktoba huingia upesi kupitia nyufa za kiangazi, na mtu hudhani ardhi yake yanywa maji vizuri. Lakini udongo ukishashiba huvimba, nyufa hufunga, na maji yanayofuata hubaki juu au karibu na juu mpaka majira ya machipuo. Kisha kiangazi huja bila mvua ya maana. Udongo ule ule hukauka, hupasuka nyufa za kuingia vidole, na jembe likigonga hulia kama limegonga sakafu. Ukichimba shimo utaona vipande vya udongo vyenye nyuso zinazong'aa, kana kwamba fundi amevipiga mwiko. Ni alama ya udongo kusuguana wenyewe kwa wenyewe unapovimba na kusinyaa mwaka baada ya mwaka.

Alama nyingine ni rangi. Udongo unaopumua huwa mwekundu au kahawia kwa sababu ya chuma kilichoshika kutu. Maji yakijaza matundu yote, hewa hukosekana, kutu ile huyeyuka, na udongo hugeuka kijivu. Pale hewa inapopenya kidogo, kama kandokando ya mizizi, kutu hurudi kwa madoadoa ya rangi ya machungwa. Basi ukiona kijivu chenye madoa ya kutu karibu na uso wa ardhi, jua kwamba maji hukaa hapo kwa muda mrefu, hata kama siku unayotazama pamekauka kabisa. Muuzaji aweza kunyamaza, ila rangi ya udongo haifichiki.

Wazee wetu waliotoka Unguja na Pemba watasema kwamba kinamo wanakijua, nao wasema kweli. Wanakijua katika mabonde ya mpunga. Jamaa wa Usukuma nao wanajua luseni, udongo wa kichanga wa juu, na mbuga, udongo mweusi wa chini unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Mpangilio huu wa udongo kutoka kilimani hadi bondeni ndio alioupa jina la katena, yaani mnyororo, mtaalamu Geoffrey Milne mwaka 1935, alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Hapa Oregon mnyororo uko vile vile. Vilimani pana udongo mwekundu uitwao Jory, unaopitisha maji vizuri na kupendwa na wenye mizabibu. Mwaka 2011 ulifanywa rasmi kuwa udongo wa jimbo. Chini yake, mahali bapa, wakaa Dayton, wenye rangi ya kijivu cheupe juu na kinamo kilichojificha kiasi cha futi moja au mbili chini. Na penye mikondo na vidato ndipo alipo Bashaw wetu.

Lakini pana tofauti moja kubwa, nayo ndiyo hasa tunayotaka msomaji aishike. Kwetu mvua na joto huja pamoja. Maji yakituama bondeni, mpunga umo shambani na wayatumia. Ndiyo maana Msukuma hujenga majaluba kuyazuia maji yasiondoke, na bonde huwa ni mali. Hapa maji huja wakati wa baridi, mimea mingi imelala, na huondoka wakati wa joto, mimea inapoyahitaji. Udongo unafanana, ila saa yake imegeuzwa. Mtu akiuhukumu kwa kalenda ya nyumbani atakosea. Huzamisha mizizi Februari na kuifunga kwa kiu Agosti.

Kutokana na hayo, shauri letu la kwanza ni jepesi: ardhi ya kidato isinunuliwe kwa kuonwa Agosti. Iendeeni Januari au Februari, baada ya wiki ya mvua, mkiwa na viatu vya mpira. Tazameni kama maji yamesimama, na kama nyasi ni za majimaji, jamii ya ndago. Mwezi wa Aprili au Mei, maua ya buluu ya kamasi yakitanda uwanjani, nayo ni dalili ya ardhi yenye maji. Wenyeji wa asili wa bonde hili, Wakalapuya, walichimba viazi vyake na kuvioka chini ya ardhi, na kilikuwa chakula chao kikubwa. Msijaribu kuvichimba bila mjuzi, kwa kuwa pana mmea mwingine unaofanana nao wenye sumu.

Pili, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Chimbeni. Chukueni donge la ukubwa wa yai, lilowesheni, kisha lisukumeni baina ya kidole gumba na cha shahada litoke kama utepe. Utepe ukifika inchi mbili au zaidi kabla ya kukatika, hicho ni kinamo. Halafu chimbeni shimo la futi moja, lijazeni maji, liacheni yaishe, lijazeni tena. Udongo mzuri hupunguza inchi moja au zaidi kwa saa. Kinamo kilichoshiba huweza kulala na maji yale usiku kucha. Kadhalika, Idara ya Kilimo ya Marekani ina ramani za udongo ambazo mtu hutazama bila malipo. Vijana wetu waliosoma wawasaidie wazee kuitafuta ile sehemu na kusoma jina la udongo wake.

Tatu, ulizeni mambo ya nyumba kabla ya mambo ya bustani. Mahali pasipo na bomba la maji machafu la mji, kaunti haitoi ruhusa ya tangi na mitaro yake mpaka ardhi ikaguliwe kwa mashimo ya kupimia. Mahali ambapo maji ya ardhini hupanda karibu na uso, ruhusa ya mfumo wa kawaida ni vigumu kupatikana. Udongo unaovimba na kusinyaa hupasua pia misingi na kuta usipojengewa kwa utaratibu wake. Tena msidhani mtachimba mitaro na kuyamaliza maji. Kwanza, katika kinamo maji husogea polepole mno, hata bomba la chini halisaidii sana. Pili, ardhi nyingi ya namna hii huhesabiwa kuwa ardhi oevu, na katika jimbo hili kuchimba au kujaza yadi za ujazo 50 au zaidi katika ardhi oevu kwahitaji kibali.

Ama makaburi, neno hili twalisema kwa adabu. Hapana mtu apendaye kumlaza mzazi wake katika shimo linaloingia maji. Mauti hayachagui Agosti. Kwa hiyo kipande cha makaburi kitafutwe juu, penye udongo mwekundu au kahawia usio na madoa ya kijivu, hata ikibidi kiwe kidogo na bei yake kubwa. Ikiwa fedha hazitoshi kwa yote, sehemu hii ndiyo isipunguzwe.

Bustani ndiyo inayoweza kuvumilia kinamo, maana udongo huu si maskini. Hushika rutuba vizuri. Tengenezeni matuta yaliyoinuliwa futi moja, yajazeni mboji kila mwaka, wala msimwage mchanga mkidhani mtaulainisha, kwani mchanga kidogo katika kinamo hutoa kitu kama tofali. Msikanyage wala kulima ukiwa umelowa. Ngojeni donge livunjike mkononi badala ya kunata. Mchicha, mabenda na mahindi yatakubali juu ya matuta ya namna hiyo wakati wa joto, mradi yanyweshwe. Kwa miti ya matunda, mpeasi huvumilia miguu yenye maji kuliko mfyulisi au mcheri.

Kwa muhtasari, ndugu zetu: kilima kwa wafu na kwa nyumba, kidato kwa mboga, na macho ya Februari kabla ya kutia sahihi. Wazee wa kamati watakaokwenda kukagua wachukue jembe, ndoo ya maji na mtu mmoja asiye na haraka. Mungu akitujaalia uhai, mwakani tutazungumzia mboji na namna ya kuitengeneza kwa majani ya vuli, ambayo majirani zetu huyatupa bure.

Mtunza Bustani