Sinema ya Vugiri na Fedha za Simu

Huku kwetu milimani sinema na fedha zilikutana zamani kuliko wengi wa wanachama wanavyodhani.

Katika Machi 1935 Baraza la Misioni la Kimataifa, kwa msaada wa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani, lilianzisha kazi ya kutengeneza picha za sinema kwa ajili ya Waafrika. Makao yake yalikuwa Vugiri, upande wa Korogwe wa milima hii hii ya Usambara. Meja L. A. Notcutt alisimamia upigaji wa picha, na mwenzake G. C. Latham alizichukua katika lori, akazionyesha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Maneno hayakuwamo katika filamu yenyewe, bali yalitiwa katika sahani za santuri, kwa Kiswahili, Kiganda, Kiluo, Kikuyu na lugha nyinginezo. Kazi ilipokoma mwaka wa 1937 zilikuwa zimekwisha tengenezwa picha 35 hivi. Serikali ya Uingereza haikutaka kutoa fedha za kuiendeleza. Picha chache zilizosalia zimehifadhiwa huko huko Uingereza, mbali na Vugiri.

Picha moja ilihusu Benki ya Akiba ya Posta. Mtu anafukia fedha zake ardhini, mwizi anazifukua. Mwenzake aliyeziweka Posta anazikuta salama. Fundisho ni jema, wala silikatai. Lakini najiuliza, je, yule aliyefukia alikuwa mjinga kweli? Mtu wa Shume wa siku zile, ili aweke shilingi zake mbili, ilimpasa aache jembe, ashuke kwa miguu mpaka mjini Lushoto, kisha aupande mlima tena, na akipata haja ya fedha zile usiku, mtoto akiwa na homa, Posta imefungwa. Shimo lilikuwa karibu na kitanda. Waliotengeneza picha waliona ujinga mahali palipokuwa na umbali.

Ushahidi tumeuona kwa macho yetu. Mwaka 2008 Vodacom ilileta M-Pesa katika Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya, na makampuni mengine yakafuata. Haikuhitajiwa lori la sinema kuja kutuhubiria akiba. Wakala alifungua kibanda karibu na njia, na mama auzaye karoti na viazi akajifunza kupokea malipo ya mnunuzi wa Dar es Salaam asiyemjua hata kwa sura. Benki ya Posta nayo haina tena jina hilo. Tangu 2021 inaitwa Tanzania Commercial Bank.

Mwaka huo huo wa 2021, mwezi wa Julai, ikaja tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa kadiri ya fedha zitumwazo au zitolewazo. Watu walinung'unika sana, na baada ya majuma machache ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 ikapunguzwa tena. Sasa, Vugiri walitengeneza pia picha juu ya kodi, wakijaribu kuonyesha fedha hizo zinafanya kazi gani. Mtawala wa enzi ile hakuwa amemwuliza mlipaji kitu, hata hivyo alihisi kwamba yampasa kumweleza. Kwa tozo, maelezo yalitufikia wakati fedha zimekwisha katwa.

Na ada za makampuni zipo daima. Kila karani anayewapelekea wazee wake fedha mwisho wa mwezi ajua neno hili: "Weka na ya kutolea." Asipoiweka, mzee atapata pungufu na kusema kwamba mwana amekuwa mkavu wa mkono. Anayetuma kidogo mara nyingi ndiye aumiaye, na hao ndio sisi wa vyeo vya chini.

Mwizi naye hakufa. Yule wa sinema alichimba usiku; huyu wa leo haji hata Shume. Anaandika tu, "Ile pesa itume kwenye namba hii," akitumaini kwamba miongoni mwa watu mia yuko mmoja aliyekuwa karibu kumtumia mtu fedha. Wengine hujifanya wakubwa wa kampuni na kumtaka mzee awatajie namba yake ya siri. Hapa, nadhani, sinema ingefaa kweli, kwa kuwa huyu aibiwaye hakukosa benki, amekosa kuonyeshwa sura ya mwizi.

Basi shauri langu ni hili. Chama kiwaandikie wakubwa wa mawasiliano na makampuni ya simu kuomba picha fupi ya robo saa, ionyeshwe ukutani siku ya gulio, kwa Kiswahili na kwa Kisambaa. Ionyeshe mzee anavyodanganywa, ionyeshe namba 15040 ambako ujumbe wa kitapeli hupelekwa, na ioneshe waziwazi ada ya kila kiasi kabla mtu hajabonyeza. Wachezaji wawe watu wa huku huku. Umeme upo, ukuta wa ghala upo, na mimi niko tayari kuandika barua hiyo ikiwa Katibu atanipa karatasi.