Kabla ya kubuku bustani ya harusi, uliza mto uko wapi

Binamu yangu anaoa Desemba. Bibi harusi ni wa Makueni, sisi ni wa Kitui, kwa hivyo kamati ina watu wa pande zote mbili. Kwa wiki mbili sasa kundi letu la WhatsApp limejaa picha za bustani: nyasi za kijani, hema jeupe, kona ya kupigia selfi. Inayopendwa zaidi iko ndani kabisa, mahali ambapo hata mtu wa boda boda anakuuliza mara mbili kama una uhakika unakoenda. Nilipoandika, "Wasee, kukinyesha tutafikaje?" nilijibiwa kwa emoji za kucheka.

Mimi sikucheka. Jumamosi, Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya na watu wengine kutoka Mwingi lilisombwa na maji ya mto Enziu, Kitui. Walikuwa wanaenda harusini Nuu. Mto ulikuwa umefurika na kufunika daraja. Zaidi ya watu 30 walifariki siku hiyo.

Sisemi maharusi walikosea. Kujenga daraja si kazi ya mtu anayeoa, na serikali haifai kupewa nafasi ya kujificha nyuma ya kamati ya harusi. Lakini sisi tunaopanga leo hatuna kisingizio cha kusema hatukujua. Ukumbi si nyasi na hema pekee. Njia ya kufika na ya kurudi ni sehemu ya ukumbi.

Kila mtu aliyelelewa Ukambani anajua mvua yetu ya kutegemewa ni ile ya Oktoba hadi Desemba, na Novemba ndiyo huwa kali. Mito yetu mingi ni ya msimu. Agosti unachimba mchanga kutafuta maji ya kunywa. Novemba mto huohuo unaweza kubeba lori. Halafu sisi tunapanga harusi Desemba, kwa sababu watu wamechukua likizo na Nairobi yote imerudi mashambani. Naelewa. Ila ukichagua Desemba, umechagua pia mvua, na lazima ukumbi ufuate hilo.

Kwa hivyo kabla ya kubuku, fanyeni hivi. Wawili wenu wapande matatu, si gari la rafiki, waende huko siku ya kawaida. Wahesabu nauli, muda, na mito inayovukwa. Wawaulize watu wa boda boda wa hapo: mvua ikinyesha mnapita wapi? Wakisema "tunangoja maji yapungue," hapo si mahali pa kumpeleka susu wa miaka 80 akiwa amevaa viatu vipya.

Kama wageni wengi wanatoka Nairobi au Mombasa, miji iliyo kando ya barabara kuu kama Emali, Kibwezi na Mtito Andei ina faida: lami iko, na treni ya abiria inayosimama vituo vya kati inapita huko. Wote na Kitui mjini pia zinafikika kwa lami. Huenda picha zisiwe kali kama za ile bustani ya ndani, lakini watu watafika wakiwa wakavu, na watarudi nyumbani.

Kisha kuna suala la pesa. Rafiki yangu alituma dipoziti ya Sh30,000 kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, bila karatasi yoyote. Wiki mbili kabla ya harusi akaambiwa siku hiyo ina wenyewe. Mpaka leo anafuatilia hela zake. Dai mkataba ulioandikwa: tarehe, saa, viti, hema, jenereta, na maji, maana kwetu tangi tupu si jambo geni. Uliza pia mkilazimika kuahirisha kwa sababu ya mafuriko, pesa itahamia tarehe nyingine au imeenda? Mwenye ukumbi akikataa kuandika jibu, tafuta mwingine.

Najua nitaambiwa harusi ni siku moja, wacha watu waenjoy, na kwamba wazee wanataka sherehe ifanyike nyumbani. Sina neno na nyumbani. Kama kwa wazazi mto haukati njia, boma lenye hema la kukodi linatosha, tena mnaokoa pesa. Kama unakata njia, wazee wenyewe wanaujua mto huo kutuliko sisi. Waulizeni.

Kwenye kundi letu nimepiga kura yangu: Wote mjini. Na kama binamu bado anaitaka ile bustani ya ndani, asubiri Agosti, shule zikiwa zimefungwa na ardhi ikiwa kavu. Tutajaa vumbi viatuni, lakini tutafika sote.