"Ule mu simu njo weye?"

Swali hilo niliulizwa na mama mdogo sokoni, hapa Kamina, akiwa amekaa nyuma ya mafungu yake ya sombe. Binti yake alikuwa amemwonyesha video yangu moja. Hakuwa ananitania. Aliona uso wangu na shati langu analolijua, lakini sauti iliyotoka kwenye simu ilikuwa ya mtu mwingine. Nikacheka, sikujibu.

Kwa wasiojua: tangu mwaka jana natengeneza video fupi kuhusu lugha zetu, yaani methali za Kiluba, majina ya watu, maneno ya Kiswahili cha Katanga na yalikotoka. Mwanzoni niliongea kama ninavyoongea siku zote. Watazamaji walikuwa rafiki zangu wa kitivo na ndugu zao, basi. Kisha nikawasikiliza wale washauri wa mtandaoni wanaofundisha namna ya kujenga "chapa binafsi", nikaanza kuwaiga vijana wa Dar es Salaam: "Habari zenu, wapendwa watazamaji", "watu" badala ya "batu", "vitu" badala ya "bintu", hata lafudhi yao. Wafuasi wakaongezeka. Mama mdogo nikampoteza.

Washauri hao hao wana dawa ya tatizo hili: uwe halisi. Neno hilo linanitia mashaka, na nadhani linapaswa kumtia mashaka Mkongo yeyote, kwa sababu nchi hii iliwahi kuamriwa kuwa halisi. Oktoba 1971 ilipewa jina la Zaire. Mwaka 1972 majina ya ubatizo ya Kizungu yakakatazwa, na rais mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko. Wazee wetu bado wanaiita sera hiyo otantisite. Sisi wanaisimu tunajua kichekesho chake: "Zaire" ni neno la Kikongo lenye maana ya mto, "nzadi" au "nzere", kama Wareno walivyoweza kulitamka. Na vazi lililochukua nafasi ya suti na tai, abacost, limepata jina lake kutoka Kifaransa kilichokatwakatwa, "à bas le costume", yaani suti na ianguke. Siwacheki waliolivaa. Babu yangu alilivaa, na picha yake ni nzuri kuliko zangu zote. Ila uhalisi ukiagizwa kutoka juu, watu huuunda haraka kwa vifaa vilivyo karibu.

Nami nilifanya vivyo hivyo. Baada ya swali la sokoni niligeuka kabisa. Nikajirekodi uani kwa mjomba, miguu mitupu, kinu mbele yangu, nikitupia "njo" na "sawa vile" katika kila sentensi, hata pale ambapo hakuna mtu wa hapa angeziweka. Video hiyo imetazamwa kuliko zangu zote. Mjomba alisimama akinitazama nilivyoshika mchi, akaniuliza tangu lini natwanga. Ni swali la mama mdogo lile lile.

Hapa isimu inasaidia kuliko washauri. Hakuna mtu wa Kamina mwenye sauti moja. Mji wetu ni njia panda ya reli, lugha zimeshuka hapa pamoja na mizigo. Asubuhi namsalimu bibi kwa Kiluba, nanunua mkate kwa Kiswahili cha mtaani, namjibu profesa kwa Kifaransa, na nikikutana na askari wa kambini najaribu Kilingala changu kibovu. Ipi kati ya sauti hizo ni mimi? Hata makala hii naiandika kwa Kiswahili sanifu, kwa kuwa kalamu nyekundu imenifundisha tangu mwaka wa kwanza kwamba "batu" ni kosa. (Jambo hilo linastahili makala yake, na sitaogopa kuiandika.) Kubadili sauti, basi, hakukuwa kosa langu. Nilikosea nilipochagua kusema mbele ya watu ambao hawawezi kunikatiza.

Mfikirie Mufwankolo wa Lubumbashi. Jina hilo ni la jukwaani. Mtu mwenyewe alikuwa na jina lingine. Kundi lake lilikubaliana juu ya kisa, kisha waigizaji wakajitungia maneno papo hapo, kwa Kiswahili cha mji wao, bila maandishi. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwafuata walipokuwa wakiandaa mchezo kuhusu msemo kwamba madaraka huliwa mazima, na kitabu chake kikatoka 1990. Jina la kubuni, mhusika wa kubuni, na bado sijasikia mtu aliyemuuliza kama ni yeye kweli. Waliomtazama waliongea kama yeye. Angepotoka neno moja wangelisikia.

Ndiyo maana "chapa" ni tafsiri inayonisumbua. Chapa hupigwa na mwenye mali juu ya mali yake. Kiswahili kina usemi wa zamani, kujijengea jina, na jina, kwa Kiluba dijina, hutumiwa zaidi na wengine kuliko na mwenyewe. Mimi hujiita mara chache sana. Ninyi walimu mnaotafuta mada za kazi za mwisho, jambo hili liko wazi mezani: wanafunzi wenu wengi wanasema mbele ya simu kila siku kwa Kiswahili ambacho hakuna anayekichunguza.

Siku hizi kila video namwonyesha kwanza mama mdogo, palepale sokoni, na aliyenipa methali namtaja, akikubali. Baadhi ya wafuasi wa mbali wameondoka wakilalamika kwamba hawanielewi. Inaniuma, kwani nilitumaini kazi hii ingenilipia angalau mega ninazonunua. Wiki iliyopita alikataa methali moja. Alisema kijana haitamki mbele ya wakubwa. Nilikuwa nimeshaihariri, mega nimeshanunua, na naamini ni video nzuri kuliko zote nilizotengeneza. Bado iko kwenye simu.