FUNDI ASILIPISHWE KIPURI BANDIA



Mwezi uliopita fundi mwenzetu alikatwa mshahara. Bodi ya winchi aliyoitengeneza iliungua siku ya tatu, na tajiri akasema huo ni uzembe. Sisi tuliiomba ile kapasita iliyopasuka, tukaifungua kwa kisu. Ndani ya gamba kubwa mlikuwa na kapasita nyingine, ndogo kama tembe ya dawa, imezungushiwa karatasi isicheze. Sasa twauliza: mzembe ni yupi, aliyeifunga au aliyeinunua?

Wakubwa wa stoo hupenda kusema kwamba fundi hodari hukijua kipuri kibaya kwa macho. Si kweli, nao wajua. Wadanganyifu huchukua chipu kuukuu zilizong'olewa katika takataka za mitambo, husugua maandishi ya zamani, hupaka rangi nyeusi, kisha huandika namba mpya na tarehe mpya. Wakaguzi wa bunge la Marekani walitoa ripoti mwaka 2012: walinunua vipuri 16 kwa wauzaji wa China kwa njia ya mtandao, na hakuna hata kimoja kilichokuwa halali. Tena vingine waliviagiza kwa namba walizozibuni wenyewe, ambazo hakuna kiwanda kilichopata kuzitengeneza, na wauzaji wakavileta!

Njia za kupima zipo. Kanuni ya AS6081 ilitolewa mwaka 2012, na AS6171 mwaka 2016. Zaeleza kazi yote: kutazama kwa hadubini, kusugua maandishi kwa asetoni, kupiga eksirei ili kuona vilivyomo, kuyeyusha gamba kwa asidi, na kupima umeme. Kadiri hatari ya kipuri inavyozidi, ndivyo vipimo vinavyozidi.

Hatusemi kila karakana ya Industrial Area inunue mashine ya eksirei. Twajua bei yake (ingawa gari jipya la meneja halikukosa fedha). Lakini mita ya kupimia kapasita na chupa ya asetoni havimfilisi mtu. Kweli, asetoni haimkamati kila mwizi, maana wengine wamekwisha kupata rangi isiyotoka. Ndiyo sababu twataka vipuri vya mitambo inayobeba watu au mizigo vinunuliwe kwa wakala anayetambuliwa na kiwanda, na stakabadhi ionyeshwe. Bei nafuu ya mchuuzi hulipwa na yule anayesimama chini ya winchi.

Na huku kukata mishahara kukome. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Kuungua kwa kipuri ulichopewa dirishani ni kusudi gani? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huohuo nayo yataka kamati ya usalama mahali penye watu 20 au zaidi. Kamati hiyo iingie stoo, isiishie kuhesabu ndoo za mchanga.

Kila aliyekatwa mshahara kwa ajili ya kipuri alete hati yake ya mshahara katika ofisi ya chama, pamoja na kipuri chenyewe. Msikitupe, wala msikirudishe stoo kabla hatujakiona.